Gramafoni ya Mdachi na Ulanga wa Stambuli

Haya yote ni kweli tupu, wallahi. Mwandishi hajatia chumvi hata ya kuungia mchicha, na asiyeamini apande mwenyewe Matombo akaulize.

Jua limechomoza. Kibwana bin Hatibu amekwisha kaa mkekani mbele ya banda la machimbo, kisu mkononi, anachana ulanga. Jiwe lile la kung'aa hufunguka kama maganda ya kitunguu. Jani moja jembamba, la pili jembamba zaidi, hata ukiliweka mbele ya jicho unamwona nzi wa ng'ambo akinawa uso.

"Vidole vyangu vimekufa," anasema. "Nikishika ugali wa moto, sisikii. Nikishika mtoto, sisikii."

Chini yake, shimoni, ndimo alimo mpwa wake Stambuli, mtoto wa dada yake Asia. Kwa Waluguru mpwa ndiye mrithi. Akipotea huyo, Kibwana hana wa kumwachia jina. Stambuli anachimba ndani ya maji, na kifua chake kimeanza kutoa damu. Masika yakianza, shimo litajaa.

Ndipo likaja jambo la gramafoni.

Msimamizi wa machimbo, Mdachi mmoja, aliletewa chombo hicho kwa reli mpaka Morogoro, kisha kwa vichwa vya wapagazi. Njiani likapasuka lile jani dogo la ulanga linalotetemeka juu ya sindano, na bila hilo, chombo ni bubu. Tena bwana hakutaka pembe yake, ile ya kutolea sauti, iimbe chumbani. Aliitaka barazani, walipo wageni wake.

"Kibwana, ukiiunga ikaimba barazani, omba utakalo."

"Mpwa wangu, bwana. Mtoe shimoni."

"Vema."

Kibwana alichana mpaka akapata jani safi lisilo na doa, katika jiwe alilolipandisha Stambuli. Akalikata mviringo, akalibana mahali pake. Kisha akatoboa ukuta na kupitisha mwanzi, kama watu wa milimani wanavyopitisha maji ya mashamba. Huku akaunga chombo, kule akaunga pembe, na kila kiungo akakiziba kwa nta ya nyuki.

Mpini ukazungushwa. Mwanamke wa Kidachi aliyemo chomboni akapiga ukelele barazani! Mbuzi wa Matombo waligoma kula. Kule Turiani wavunaji wa mpunga walitupa visu, wakidhani vita imerudi.

Bwana akacheka kwa furaha. "Ulanga safi hivi umetoka wapi?"

Kibwana alidhani sifa itamsaidia kijana. "Ni huyo huyo mpwa wangu, bwana. Yeye ndiye ajuaye kuuchagua, kule chini kabisa."

"Basi mtu wa namna hiyo hatoki."

Sasa Kibwana anakitazama kisu chake. "Ningesema nimeuokota njiani," anasema. "Ulimi wangu ndio uliomfukia."

Alimwendea nyapara, Mikidadi, kuomba kijana apumzishwe.

"Lete kichwa kingine," Mikidadi akamjibu. "Hesabu ya asubuhi ikipungua, kiboko ni changu."

Kibwana akajitoa mwenyewe. Akaambiwa wa kisu hashiki sururu. Vijana wengine wa ukoo wamekwisha kimbilia Mgeta.

Mwandishi aliposikia hayo moyo ulimuuma, akaimaliza habari yake hivi: Stambuli akatolewa shimoni, akarudi kwa mama yake akiimba. Akawasomea kwa sauti Asia na Kibwana.

Asia aliacha kutwanga. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyo aliyerudi akiimba yuko wapi? Mbona sijampikia?"

Mwandishi akakohoa. Akasingizia wino, akasingizia macho ya uzee.

"Mbuzi wako nimewavumilia," Asia akasema. "Na wa Turiani nimewavumilia. Lakini mwanangu umemtoa kwenye karatasi; mtoe na shimoni."

Mwandishi akamgeukia Kibwana, huenda akapata mtetezi.

"Nyapara hatazami mvi, mzee," Kibwana akasema. "Anahesabu vichwa."

Basi kesho asubuhi mwandishi wa habari hizi atashuka kushika sururu ya Stambuli. Kibwana haombi zaidi ya hapo: kijana alale pakavu, anywe uji wa moto, pumzi imrudie kidogo. Kesho kutwa kijana atashuka tena, na mawingu yamekwisha anza kukaa juu ya mlima.

Asia amemfungia mzee muhogo kwenye jani la mgomba.

"Ukipanda," amemwambia, "utueleze ulichokiona. Hicho hicho."