Magogo ya Tanuri Letu

Msitu wetu haukuwa mkubwa. Ulianzia nyuma ya mashamba ya muhogo ukaenda hadi kwenye mawe ya pwani, upande wa mashariki wa Unguja, si mbali sana na Chwaka. Wazee waliuacha usilimwe kwa sababu kisima cha kijiji kilikuwa pembeni yake, na walikuwa wameona kwa majirani kwamba miti ikishaondolewa, maji huingia chumvi. Kuni kavu tuliokota. Mti mbichi haukuguswa.

Katika miaka ya hamsini watu walikuwa wanajenga sana Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na malori ya mjini yakaanza kuja kutafuta magogo ya kuchomea chokaa. Vijiji vingine viliuza. Baba yangu ndiye aliyewakusanya watu wetu akawaambia tusiuze, na kwamba kukataa kwa mdomo hakutoshi, watu waingie msituni kwa zamu wauangalie. Hakuna aliyelipwa. Wanaume walipita asubuhi kabla ya kwenda shamba, na wanawake walipita walipokwenda kuchuma ukindu wa kusukia mikeka. Njia ya malori tuliiziba kwa mawe. Mimi nilikuwa kijana niliyekaribia kuoa, na zamu yangu nilikuwa siikosi. Nilipopita, watu walisema huyu mtoto wa fulani, nami nilipenda kusikia hivyo.

Mchumba wangu alikuwa wa mjini, mtu wa Ng'ambo. Siku moja mjomba wake alikuja kuiona nyumba ambayo binti yao angeletwa. Ilikuwa ya miti na udongo, kama nyumba zetu zote, na baba alikuwa ameijenga kwa mikono yake. Yule bwana aligusa ukuta, akakitazama kidole chake, akatoa leso akakipangusa. Hakusema neno baya. Alikula wali wetu, akashukuru, akaondoka. Baba alibaki mlangoni akiutazama ule ukuta, kisha akaniambia kuwa nyumba yangu itapigwa chokaa nje na ndani kabla ya harusi.

Chokaa tungechoma wenyewe. Mawe yalikuwepo tele, na mimi niliyabeba kutoka pwani hadi kwenye uwanda wetu, mbali kidogo na kijiji. Magogo aliyaleta baba. Aliniambia ni miti iliyokatwa shambani kwa mtu wa upande wa Kaskazini, mtu aliyemjua tangu zamani, na kwamba yameletwa kwa gari la ng'ombe wakati mimi nipo pwani. Nilimwamini. Nilimsaidia kuyapanga duara, nikapandisha mawe juu yake, tanuri likawa tayari, tukabaki kungoja siku kavu ya kuwasha moto.

Ndipo ikajulikana kuwa msitu umekatwa. Mtu mmoja wa zamu alikanyaga majani makavu, mguu ukagonga kisiki. Alipofukua akakuta kingine, na kingine tena, vyote vimefunikwa kwa udongo na majani, na ndani bado vibichi. Habari ilienea kabla ya adhuhuri. Ijumaa ile, baada ya sala, tukakaa uwanjani pembeni ya msikiti. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma yao chini ya ukuta. Baba, kwa kuwa ndiye aliyeianzisha kazi ile, ndiye aliyekiongoza kikao.

Haikuchukua muda watu wakamtaja mkwezi. Huyu alikuwa mtu wa bara aliyekuja kuangua nazi katika mashamba yetu, akajenga kibanda mwisho wa kijiji. Aliishi peke yake, hakuwa na jamaa wa kumsemea. Alikuwa na shoka, alikuwa na panga kali, na mara nyingine aliuza kuni. Mmoja akasema amemwona akitoka upande wa msituni. Mwingine akasema wageni hawajui thamani ya vitu vya watu. Mkwezi alisimama akasema kwamba kuni zake ni makuti na vifuu vya nazi, na kila mwanamke aliyenunua kwake anajua. Hakuna mwanamke aliyeitikia. Mzee mmoja akapendekeza aambiwe ahame, na watu wakamgeukia baba wamsikie.

Baba aliinama akawa anachezea ncha ya kanzu yake. Nilidhani anatafuta maneno ya upole ya kumfukuzia mtu.

Shangazi yangu, dada yake baba, akasimama kule nyuma. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, asiyependa kusema mbele ya watu.

"Kaka," akasema, "waambie wewe. Ukinyamaza, ntasema mimi."

Watu wote waligeuka nyuma. Baba hakuinua uso. Nilimtazama shangazi, nikamtazama baba, na hapo nikayaona akilini yale magogo yetu kama ndiyo kwanza nayaona.

"Miti nimekata mimi," baba akasema. "Yote. Huyu hana makosa."

Sijui kikao kiliishaje. Nakumbuka masikio yangu yalikuwa ya moto, na nakumbuka viatu vya watu, makubadhi yao yakipita mbele yangu jozi moja moja, kwani sikuweza kutazama juu zaidi ya hapo. Hakuna aliyetukana. Kama wangetukana ningepata pahala pa kushika. Mzee wa msikiti alisema tu kwamba watu waende zao, mambo yatazungumzwa.

Baadaye shangazi alinieleza. Alikuwa akichuma ukindu siku ya zamu ya baba, akamwona kwa mbali anafunika kisiki kwa mguu. Baba alikuwa ameanza kwenda zamu peke yake, akisema wenzake wapumzike, na ilikuwa katika zamu hizo hizo za kuulinda msitu alipokuwa anaukata. Shangazi alirudi bila kumsemesha, akangoja aseme mwenyewe. Aliniambia haya analia, kana kwamba yeye ndiye aliyefanya.

Nyumbani baba alikataa chakula. Nilitaka kumkasirikia, na kila nilipojaribu niliikumbuka ile leso ya mjomba. Alikuwa amekata kwa ajili yangu. Nilijua kuwa kila mtu kijijini amekwisha kulifahamu hilo, kwamba ukuta uliotakiwa kung'aa ni wangu. Nikamwambia twende kwa mkwezi. Akanyanyuka pale pale.

Tulimkuta shambani, juu ya mnazi. Baba alimwita kwa adabu, akamwomba ashuke wazungumze. Mkwezi hakushuka. Aliendelea kuangua, nazi zikawa zinaanguka upande wa pili. Basi baba akasimama chini, shingo ameikunja nyuma, akaomba radhi kwa kupiga kelele kwa sababu upepo ulikuwa unachukua maneno. Alisema alimwacha mtu asingiziwe mbele yake naye anajua. Ilimbidi arudie. Wanawake waliokuwa wakikusanya nazi walisimama kusikiliza, na mimi nilikuwa kando yake nimeshika kofia yangu mkononi bila kujua niifanye nini.

Mwisho mkwezi akajibu kutoka juu.

"Nimesikia, mzee. Sogeeni pembeni, msije mkaangukiwa na nazi."

Tukasogea. Tukarudi.

Wazee waliamua tanuri liwashwe, kwani miti iliyokwisha kukatwa haiwezi kurudishwa, na chokaa yote itumike kwenye ukuta wa kisima na birika la kutawadhia la msikiti. Tuliichoma mimi na baba, na watu wa zamu wakaja kusaidia kama walivyosaidia siku zote. Walizungumza habari za mvua na muhogo. Baba aliomba kuondolewa katika zamu, walimkatalia. Walimwambia siku yake ni ile ile, ila atakwenda na mwenzake. Kila wiki nilimwona mwenzake anakuja kumgongea, mtu mdogo kwake, anamwamkia shikamoo na kumngojea mlangoni, na baba anatoka bila panga. Alikwenda hivyo mpaka miguu ilipomshinda.

Mimi nilikwenda mjini kumwambia mjomba kwamba nyumba itabaki ya udongo. Sababu sikuificha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ataiacha hukumu kwa binti mwenyewe, na binti akakubali kuja. Alikuwa hajakaa siku nyingi kwetu aliponiuliza mbona wanawake wanapunguza sauti akifika kisimani. Nikamweleza yote, na habari ya leso pia. Alijifunika kanga usoni. Tangu hapo alifuatana na shangazi msituni, na mikeka aliyojifunza kusuka ilikuwa mibaya sana mwanzoni, lakini zamu hakukosa.

Mkwezi hakufukuzwa na mtu. Watu walimpelekea samaki, wakampa kazi zaidi ya alivyohitaji. Siku moja kibanda kilionekana kimefungwa kwa kamba, naye hayupo.

Nilimkuta tena baada ya miaka, mjini, sokoni Darajani, anauza madafu. Nilimwamkia, akaitika, akanifungulia dafu kabla sijaomba. Nikamwambia kijiji kingefurahi arudi. Akanitazama bila ubaya.

"Sina ugomvi na nyie," akasema. "Lakini siwezi kukaa pahala ambapo nkipita watu wanatazama panga langu. Msitu wenu upo?"

"Upo. Visiki vimechipua."

"Vizuri," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Jioni baba aliniuliza mjini nimeonana na nani. Nikamwambia. Akataka kujua mkwezi amesema nini. Nilimjibu kuwa ameuliza habari za msitu. Yale maneno mengine sikumpa.