Nilimdanganya dada yangu kuhusu divai yake kwenye boti ya Ziwa Kivu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Juzi kuna mwenzetu humu aliuliza: ukienda safari ya boti ya kitalii, ile ya kulala humo humo, ubebe divai yako au ununue ndani? Watu walimjibu vizuri. Mimi nilianza kuandika jibu nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena.

Nimeona bora nifungue uzi wangu. Yaliyomo humu yamenitokea mwenyewe na sijayapaka rangi. Mke wangu naye ni member wa jukwaa hili, nikidanganya atanirekebisha kwenye comment ya kwanza.

Mwenye haraka achukue jibu lake kabisa. Soma masharti ya boti kabla ya kufunga begi. Nyingi zinaruhusu chupa moja kwa kila chumba, unalipia ada ndogo ya kufunguliwa mezani, na ukinywea chumbani kwako hakuna anayekuuliza. Divai ya kwenye boti mara nyingi ni aina mbili tatu, na kama friji yao imezidiwa utainywa ya uvuguvugu. Kwa hiyo beba yako. Basi.

Sasa mwenye muda abaki.

Mimi naishi Gisenyi, ni mfanyakazi wa ofisi. Kiswahili changu ni hiki cha Bukoba kwa sababu sekondari nimesomea huko, kwa shangazi. Lakini nimezaliwa Goma, na aliyenilea ni dada yangu Vestine.

Mama alifariki nikiwa na miaka minane. Vestine alikuwa na kumi na tisa. Alikuwa na mchumba wakati huo, akamwambia asubiri. Mchumba hakusubiri. Dada akauza unga, akauza vitenge, akavuka mpaka wa Grande Barrière kuja Gisenyi asubuhi na kurudi mchana miaka nenda rudi, mimi nikasoma.

Huku dada au kaka yako mkubwa unamwita Yaya. Mpaka leo namwita hivyo, na yeye ananiita Petit, ingawa nina mvi.

Siku hizi naye yuko upande huu wa Rwanda, ana nyumba yake sekta ya Rubavu, na anatengeneza divai ya marakuja, yaani pasheni. Msicheke, ni kazi ya watu. Matunda anayapata kwa mwanamke mmoja wa Bugeshi. Anakamua, anachanganya sukari na hamira, anaweka kwenye dumu lenye kimpira kinachotoa hewa, kisha anachuja kwa kitambaa mara tatu na kuiacha miezi. Majirani wananunua wakiwa na harusi au ubatizo.

Mwaka huu mimi na mke wangu Claudine tulitimiza miaka kumi ya ndoa. Nikasema tupande ile boti ya ghorofa mbili inayoondoka Gisenyi mchana, inalala karibu na Karongi, inarudi kesho yake. Na Yaya twende naye, chumba chake peke yake. Nilitaka iwe shukrani. Sikuwahi kumshukuru kwa namna inayoonekana.

Nilimpigia simu nikamwambia. Akauliza, "Petit, mi pia nitalala ku bateau?"

Nikamwambia ndiyo, Yaya.

"Bon. Basi nitaleta kitu."

Booking nilifanya mimi, kwa hiyo masharti yalikuja kwenye WhatsApp yangu. Chupa moja ya divai kila chumba, bia na pombe kali hapana. Niliyasoma. Nasisitiza wakuu, niliyasoma.

Siku ya safari tukakutana pale gatini. Claudine alitangulia ndani na mabegi. Yaya akafika na moto, yaani bodaboda, amevaa kitenge kipya, kikapu mapajani amekikumbatia kama mtoto. Akanivuta pembeni anionyeshe.

Ilikuwa chupa moja. Aliipata kwenye hoteli, akaichemsha, akaiziba kwa kizibo na nta ya mshumaa. Alikuwa ameiweka miezi minane, tangu alipohesabu kwamba mwaka huu tunatimiza kumi. Lebo aliikata kwenye daftari la shule, akaandika kwa kalamu ya wino majina yetu sisi wawili na chini yake "Miaka kumi". Nta ilikuwa imechuruzika upande mmoja. Gundi ilikuwa imeacha doa.

Nilikuwa naanza kutabasamu. Ndipo nikasikia jina langu linaitwa.

Ni mkurugenzi wangu wa ofisini, na mke wake. Wametoka Kigali kupumzika, wamepanda boti ile ile. Sikuwa na habari kabisa. Mtu amevaa shati la kitani, mke wake ana kofia pana, na kijana wa mizigo anawaburuzia masanduku ya magurudumu.

Tukasalimiana. Akasema, "Great, basi tutakaa meza moja!" Akaendelea kupanda.

Yaya akanigeukia. "Petit, hii chupa banaruhusu kuingia nayo?"

Simu iko mfukoni. Masharti yamo. Na mimi kichwani naona ile lebo ya daftari katikati ya meza, mbele ya mkurugenzi.

Nikasema, "Yaya, hawaruhusu."

"Hata ya mu famille?"

"Hata hiyo. Wanauza ya kwao ndani."

Hakubisha. Aliiangalia chupa, akaipangusa kwa ncha ya kitenge. "Bon. Kama banakataza, banakataza."

Kulikuwa na mama anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga kando ya geti. Yaya akaenda akaongea naye kidogo, akamwachia kikapu na vyote vilivyomo, akarudi mikono mitupu. Tukapanda.

Wakuu, mpaka hapo nilikuwa nimeshajisamehe. Nilijiambia ni jambo dogo, nitamnunulia nzuri ndani, atafurahi.

Tukaketi deck ya juu. Boti ikaondoka, mji ukabaki nyuma, ziwa limetulia kabisa. Nikamwita mhudumu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nikaagiza chupa ya divai nyekundu. Ikaja imefungwa kitambaa, ya moto kama imetoka juani.

Mke wa mkurugenzi akacheka taratibu. "Sisi tumekuja na yetu," akasema, akatoa chupa kwenye begi lake.

Mhudumu akaipokea, akaifungua, na huku anamimina akasema kwa uchangamfu wa kazi yake, "Karibuni sana. Kila chumba mnaruhusiwa chupa moja, tuliwatumia wote ujumbe."

Wote.

Claudine akanitazama. Yaya hakunitazama. Alikuwa anaangalia maji.

Nilipotaka kummiminia, akafunika glasi yake kwa kiganja. "Asante, Petit. Mi nitakunywa chai tu."

Ningeweza kusema hapo hapo. Ningeweza hata kusingizia kwamba sikusoma vizuri. Badala yake nikanywa ile divai ya uvuguvugu, na sijawahi kunywa kitu kichungu kama kile.

Halafu mkurugenzi, ambaye ni mtu wa maongezi, akamgeukia Yaya akamuuliza anafanya kazi gani.

"Mi natengeneza divai ya marakuja."

"Kweli? Homemade?" Akaweka glasi chini. Huyu mtu alizaliwa Uganda, akaanza kutusimulia jinsi mama yake alivyokuwa akitengeneza tonto, pombe ya ndizi, na yeye na ndugu zake wanakanyaga ndizi kwa miguu. Uso wake ulibadilika kabisa. Akasema, "Ningekunywa hiyo yako kabla ya hii, believe me. Kwa nini hukuja nayo?"

Nilijua sasa yanamwagika, na nilistahili.

Yaya akatabasamu kidogo. "Niliisahau ku nyumba, patron. Uzee."

Akanikinga. Mbele ya bosi wangu, akajifanya yeye ndiye mwenye kosa.

Tuliposhuka vyumbani kubadilisha nguo, Claudine alifunga mlango akauliza swali moja tu. "Ulimwambia nini kule gatini?"

Nikamweleza. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani akasema, "Mimi nilijua chupa hiyo inakuja. Ni mimi niliyemtumia tahajia ya jina langu aandike." Akageukia dirisha. Kwenye chakula cha jioni yeye na Yaya waliketi pamoja, mimi nikaketi na wageni wangu, mkurugenzi na mke wake.

Kesho yake tukarudi. Yaya alishukuru wahudumu wote mmoja mmoja, akapiga picha na nahodha. Mtu asiyejua angesema amefurahi sana. Labda sehemu yake ilifurahi kweli, sijui, sikuwa na uso wa kuuliza.

Tuliposhuka tu nikakimbilia kwa yule mama wa sambaza. Nikamuuliza kikapu cha jana.

"Dada yako alinipa," akasema. "Nilimwambia binti yangu amejifungua, akasema tukamnywee mtoto. Jana tumekunywa nyumba nzima. Eh, ile divai! Mwambie Mungu ambariki." Akanirudishia kikapu kitupu.

Nikakipokea. Hata kuonja, sikuonja.

Ilinichukua wiki mbili kwenda kwa Yaya kusema. Nilimkuta uani anachuja. Nikasema yote bila kujitetea: nilisoma ujumbe, nilijua inaruhusiwa, niliona haya kwa sababu ya mkurugenzi.

Aliendelea kumimina hadi kitambaa kikakauka. Kisha akasema, "Nilijua pale pale. We haukuniangalia mu macho."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

"Ulikuwa mutu muzima mbele ya mukubwa wako. Ningekubishia?" Akakunja kitambaa. "Ungeniambia tu, Yaya, naona haya. Ningeiacha mu kikapu mpaka tufike ku chumba. Haya si kitu, Petit. Mi pia nilionaka haya nawe, zamani, ukienda shule na viatu ya kupasuka. Lakini sikukuambia shule imefungwa."

Wakuu, mimi ni mtu mzima. Nililia pale kwenye kigoda.

Akasema yameisha. Akanipa chai. Na kweli hajawahi kuyarudia, si kwangu, si kwa Claudine, si kwa ndugu yeyote. Nilimwomba anitengenezee chupa nyingine, nikasema nitaiweka mezani siku yoyote, mbele ya yeyote. Akajibu, "Tutaona." Huu ni mwezi wa tatu sasa na sijathubutu kumkumbusha.

Mkurugenzi alishanunua kwake katoni nzima. Alimtafuta mwenyewe.

Nimejifunza nini? Nilidhani nimempeleka dada yangu kwenye boti ili kumheshimu, kumbe nilitaka aje yule dada ninayeweza kumwonyesha watu. Kuliko heshima ya namna hiyo, afadhali angebaki kwake. Kama unamwalika mtu wako, mwalike na anachobeba. Na kama umeona haya, maana sote tunaona, mwambie yeye kwanza kabla ya kusingizia masharti ya watu.

Kuna waliowahi kumkosea mtu aliyewalea, akasamehe, lakini kitu fulani kisirudi mahali pake? Mlifanyaje? Msinionee huruma, semeni ukweli, nasoma comment zote.

Naandika hivi kwa sababu zamani Yaya alikuwa anaingia kwangu bila hodi. Anasukuma geti, anapitia jikoni, anafunua masufuria.

Siku hizi anapiga simu kwanza. Anauliza, "Petit, uko na wageni?"