Glasgow Ndani ya Plastiki

Mwangangi alistaafu upolisi, lakini miguu yake haijapata habari. Akikaa anainuka, anachungulia dirishani, anarudi. Nyumba ya kupanga hapa Giakanja, Nyeri, ina madirisha mawili, kwa hiyo kazi si nyingi.

Kazi nyingine anaifanyia Glasgow. Zamani, akiwa kituo cha Nanyuki, alinunua fremu kuukuu kwenye mnada wa vitu vya shamba. Ndani mlikuwa na ramani ya barabara za Glasgow, mji wa ng'ambo, iliyochapwa mwaka 1861. Kila asubuhi huitandaza mezani na kupiga doria kwa kidole.

"Nduku, huu mtaa wote hauna kituo cha polisi. Hawa watu walikuwa wanalindwa na nani?"

"Na Mungu, Baba Mwende. Toa mkono niweke vikombe."

Kisha akatokea Ben, wakili wa Nanyuki anayekusanya ramani za kale. Aliiona kwa picha ya simu, akaahidi kuja Jumamosi kuinunua kwa bei ambayo ingeezeka nyumba yao ya Mwingi, iliyosimama kuta tupu miaka mingi. Nduku, ambaye hajawahi kuisamehe Nyeri kwa baridi yake, alimwambia mwenye nyumba, Ngatia, kwamba mwisho wa mwezi wanahama.

Ben aliomba jambo moja tu. "Mzee, chunga isiingie unyevu."

Ilikuwa Julai. Manyunyu hayakatiki, kuta zinatoa jasho. Mwangangi aliihamisha ramani kutoka kabatini hadi chini ya godoro, kutoka chini ya godoro hadi juu ya jiko. Ijumaa uvumilivu ulimwisha. Akafanya kile ambacho mtu yeyote makini katika nchi hii hufanyia cheti cha kuzaliwa, cha shule na cha shamba: akaipeleka kwa Watiri wa saiba, kile kiduka cha kompyuta na kuchapisha, ikatiwe plastiki ya moto.

"Afande, niweke ile ngumu ama ya kawaida?"

"Ngumu. Hii ni mali."

Jumamosi Ben alifika, akavaa glavu nyeupe, akaigusa ramani, akavua glavu.

"Nani amefanya hivi?"

Mwangangi alisimama wima. "Ni mimi. Ulisema unyevu."

"Na si hiyo plastiki inaweza kutolewa?" Nduku akauliza.

"Ikitoka, mama, inatoka na Glasgow."

Alikunywa chai yake kwa heshima, akasema hawezi kuichukua, akaenda zake.

Nduku aliinua ramani, akaigonga kwa ukucha. "Si tuezeke na hii basi. Maji haiwezi ingia."

Mwangangi hakucheka. Alikuwa ameshavaa koti.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Ngatia. Kabla hajapangisha watu wengine."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia bado tuko."

Nduku alichukua leso akamfuata. Mumewe alikuwa tayari njiani, anakata matope kwa hatua ndefu.

"Pole pole, Baba Mwende. Hakuna mwizi huko mbele."