Salamu Niliyomlazimisha Mdogo Wangu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, tulipopanda basi kutoka Edmonton kwenda harusini Wembley, mjini London, mimi na mdogo wangu Nassor. Yeye alivaa kanzu chini ya koti zito na kujifunga skafu mbili shingoni. Mimi nilikuwa nimenuna. Njia nzima hakusema neno hata moja, na nilijua kwa nini, lakini kujua si kukubali.

Nikueleze kwanza sisi ni watu gani. Baba alitutoka Nassor akiwa mtoto wa kubebwa, na mama akafuata miaka michache baada ya mapinduzi ya kwetu visiwani. Mimi ndiye mkubwa, basi nikaacha skuli kabla sijamaliza. Mjomba wetu aliyekuwa baharia akatuita London, naye hakuishi sana. Nikabaki na miaka kumi na tisa na mtoto wa miaka tisa. Nikapata kazi ya kupiga pasi mashuka ya hospitali, nikasimama kwenye mvuke ule miaka mingi. Nilimpikia, nikamfulia, nikatia saini madaftari ya Kiingereza ambayo sikuweza kuyasoma. Sisemi haya ili unisifu. Nayasema kwa sababu hapo ndipo ilipoota jeuri yangu. Niliona kwamba mtu niliyemlea kwa jasho langu ni wangu, kama koti ni langu.

Nassor alipobaleghe, sauti ilimshuka ikawa nzito na laini. Mwalimu wake wa muziki alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti chetu kimoja kizima, akasema kijana huyu apelekwe chuo kusomea kuimba. Nikaridhia, lakini nusunusu. Watu wakiniuliza anasoma nini, nilisema, "Yuko chuoni," kisha nikauliza habari za watoto wao. Alifundishwa kuwa baritoni, yaani sauti ya kiume ya katikati, iliyo chini ya ile nyembamba na juu ya ile ya besi kabisa. Alianza kwa kuimba mashairi ya watu wa zamani, yeye na mpiga piano tu. Halafu, akiwa na miaka ishirini na sita, jumba moja kubwa likampa nafasi katika opera, ule mchezo wa jukwaani ambao watu huimba tangu mwanzo hadi mwisho, tena bila kipaza sauti. Alipewa sehemu ya baba wa bibi harusi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuimba mhusika mwenye jina. Miaka kumi ya kujifunza ilikuwa ikielekea usiku huo mmoja.

Siku tano kabla ya onyesho la kwanza, daktari alimtazama kooni akakuta nyuzi za sauti zimevimba kwa mazoezi. Akamwambia anyamaze kabisa, asiseme hata kwa kunong'ona, mpaka siku yenyewe. Nassor akanunua kidaftari na penseli. Jioni ile aliniandikia, "Kaka, nisamehe, nimekatazwa kusema." Nikacheka. Mimi niliyekwenda kazini na homa, ugonjwa gani huo ambao dawa yake ni kunyamaza? Harusi ya Wembley ilipofika aliandika kwamba angependa kubaki nyumbani. Nikamwambia, "Usipokwenda watasema nini? Utakaa tu. Hakuna atakayekula ulimi wako."

Mlangoni mwa ukumbi aliketi Bi Zuhura, bibi yake bwana harusi, akipokea wageni. Nilimwamkia. Nassor akainama, akaweka mkono kifuani, akambusu mkono. Bi Zuhura akamtazama, akatikisa kichwa polepole, akamruhusu apite. Mambo yangeishia hapo. Lakini ndani, kwenye mkeka wa wazee, Nassor alifanya vilevile, akainama na mkono kifuani, na hapo alikuwapo Bwana Shaibu, mtu wa maskhara asiyeweza kuona jambo akaliacha.

"Aa, Nassor! Siku hizi salamu yako mpaka tukate tiketi?"

Wazee wakacheka. Mwingine akadakia, "Mwacheni, anangoja tupige makofi kwanza."

Mwanangu, lile lilikuwa neno la kupita tu. Ningeweza kusema, "Koo linamuuma, wazee wangu, mumuombee," na yangekwisha. Lakini uso wangu uliwaka moto. Nilisikia kama wanasema: huyu hakulelewa, huyu kalelewa na mpiga pasi.

"Nassor, amkia wazee," nikasema.

Akatoa kidaftari. Nikampokonya, nikakitia mfukoni mwangu mbele ya watu wote.

"Mimi ndiye niliyekulea. Amkia."

Alinitazama. Sijausahau mtazamo ule. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtoto anayeuliza kama kweli unataka hivyo. Kisha akasema, "Shikamooni." Sauti ikatoka na mikwaruzo.

"Marahaba! Kumbe anasema!" Bwana Shaibu akapiga paja. "Basi na atufungulie kaswida. Msomaji wetu bado yuko njiani. Au sauti hiyo ni ya Wazungu peke yao?"

"Atasoma," nikajibu mimi. Sikumuuliza.

Akasoma. Chetezo kilikuwa karibu naye na moshi wa udi ukimpanda usoni. Watu waliitikia kwa furaha, na kila alipomaliza ubeti walitaka mwingine. Alisoma karibu saa nzima. Kuelekea mwisho sauti ilianza kukatika, akageuka kunitafuta kwa macho, nami nikamwashiria aendelee. Nilikuwa nimekaa kifua mbele. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nikijivunia kazi yake, na siku hiyohiyo nilikuwa nikiiua kazi hiyo.

Kulipokucha hakuweza kutoa hata mlio. Daktari alikuta damu imevilia kwenye uzi mmoja wa sauti. Sehemu ya baba wa bibi harusi akapewa mtu mwingine. Nassor aliwaandikia wakuu wa jumba kwamba ni uzembe wake mwenyewe. Barua hiyo niliipeleka posta kwa mkono wangu, na nilijua kilichomo.

Nilikwenda kwa Bi Zuhura kutafuta faraja. Nilitaka aniambie kwamba nilitetea heshima ya wazee. Alikuwa akichambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mimi nilikuja kukulalamikia kwamba sikuamkiwa?"

"Hapana, bibi."

"Aliniamkia. Mkono ulikuwa kifuani na macho yalikuwa chini. Nilimpokea. Sasa niambie, pale mkekani ulikuwa ukitafuta heshima ya nani?"

Nikauinamia ungo wake, nikaokota chuya moja.

"Mkubwa ni jaa, baba, kila taka hutupwa kwake. Kejeli ile ilikuwa yako uibebe, wewe ukamtwika mgonjwa. Nenda kamtake radhi."

Nilitoka pale nimekubali, lakini sikwenda. Hii ndiyo aibu inayozidi ile ya kwanza. Nilijiambia nitasema akipona. Alipopona baada ya miezi, nikajiambia mambo yamekwisha, nisichokoe donda. Sauti yake ilirudi, lakini haikurudi yote. Pale chini ilibaki nzuri. Ila zile sauti za juu ambazo baritoni hupanda na kusimama juu yake ziliyumba, na majumba ya opera hayamngoji mtu anayeyumba. Akarudi kwenye mashairi na piano, katika kumbi ndogo na makanisa ya mitaani, watu arobaini, watu hamsini, na mchana akifundisha. Kila Ijumaa alikuja kula kwangu. Hakulitaja jambo lile hata siku moja. Ukimya wake ulinitafuna kuliko matusi.

Miaka sita ilipita. Jioni moja huko Peckham nilikwenda kumsikiliza katika ukumbi mdogo. Aliimba shairi la mtu anayeuaga mji wake, kwa lugha nisiyoijua, na nikaona wanawake wawili mbele yangu wanafuta machozi. Nikafikiria watu wangapi walipaswa kuisikia sauti ile. Walipotawanyika nilimkuta akikusanya karatasi zake, nikamwambia palepale nikiwa nimesimama, "Nassor, nilikuharibia. Nilijua umekatazwa, nikakulazimisha kwa ajili ya uso wangu. Nisamehe."

Aliendelea kupanga karatasi kidogo. "Nilikuwa na miaka ishirini na sita, Kaka. Mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kutoka."

"Usingeweza. Mlango ule nilikuwa nimeufunga tangu una miaka tisa."

Hapo akakaa chini, akalia. Nami nililia. Akaniambia, "Nimekusamehe zamani. Lakini nilikuwa nikingoja uliseme." Mwanangu, alingoja miaka sita, na mimi nilikuwa nikimpakulia wali kila Ijumaa nikidhani huko ndiko kutaka radhi.

Basi sikiliza, wewe hasa uliyeachiwa wadogo. Kumlea mtu si kumnunua. Chakula ulichompa kimeshaliwa. Usikidai tena kwa kumtawala. Mdogo wako akikuambia mwili wake umechoka, muamini hata kama hukielewi kinachomuuma, kwa maana kazi usiyoijua nayo ni kazi. Watu wakimcheka, simama mbele yake, usisimame nyuma yake ukimsukuma. Na ukikosa, ungama mapema kwa maneno yanayosikika. Majuto ni mjukuu, lakini radhi ikicheleweshwa nayo huzeeka, na anayeingoja huzeeka nayo.

Mungu akulainishie ulimi pale unapopaswa kuomba msamaha, akutilie mkono uzito pale unapotaka kumsukuma aliye dhaifu. Wadogo zako wakue wakiwa huru mbele yako, na warudi kwako kwa kupenda. Amina.