Jicho Langu Liliondoka na Kozi

Niseme mapema: mimi sinywi pombe, na shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo sina maneno ya kupamba. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, juu ya mlima wa Nuu. Ukitaka kucheka, cheka umalize, halafu usikilize.

Nilianza kama dalali wa mbuzi soko la Mwingi. Mbuzi ndio walinijengea nyumba ya mawe. Nilipochoka na vumbi la soko nikaanza kutembeza wageni wanaopenda kuangalia ndege, na hakuna mtu aliyenifundisha. Ndege wa huku nawajua wote, isipokuwa mmoja aliyenishinda: kozi mdogo mwenye miguu myekundu, anayetoka nchi za mbali na kupita kwetu mvua ya Novemba ikianza, akifuata kumbikumbi. Anapita siku moja au mbili, basi. Wageni wangu wamemwona. Watoto wanaochunga wamemwona. Mimi kila mwaka nikipanda mlima naambiwa walipita jana. Unajua uchungu huo?

Kisha macho yakaanza kuniacha. Daktari akasema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Nikajua nisipomwona kozi sasa, sitamwona tena.

Mwaka juzi nikapanda na Mwalimu Ndinda, mama mstaafu kutoka Makueni ambaye huja kila msimu na darubini yake. Njiani alinichokoza sana. "Mzee, huyo ndege anakuhepa kama mwanafunzi ambaye hajafanya kazi ya nyumbani," akasema. Sikucheka. Saa tisa wingu jeusi likatokea upande wa Tseikuru. Mwalimu akasema tushuke, mvua itafunga njia. Nikamwambia atangulie kwenye gari. Akaenda akinung'unika, nami nikabaki huko juu nikilia. Ndiyo, nililia, mzee mzima mwenye wajukuu.

Nilipopangusa uso, kulikuwa na mtu ameketi kwenye jiwe.

Alikuwa amelowa maji, shuka lake linachuruzika, na sisi hatukuwa tumeona mvua tangu Mei. Alinuka kama omena sokoni. Akanisalimia kwa Kikamba cha wazee wa zamani, kile cha babu yangu, kisha akasema, "Unataka kumwona. Nipe macho nikuonyeshe."

Ungekuwa wewe ungekimbia, sivyo? Mimi nilifanya kile nimefanya maisha yangu yote. Nilibishana bei. Wale wafanyabiashara wa ngamia kutoka kaskazini huwa wanapatana mkono kwa mkono chini ya kitambaa, wakitaja bei kwa kufinyana vidole, watu wasione. Akaingiza mkono wake chini ya shuka namna hiyo, nami nikaingiza wangu. Ulikuwa baridi. Akafinya vidole vyangu viwili. Nikafinya chake kimoja. Akaachilia. Hakubishana hata kidogo, na mimi mpumbavu nikafurahi kwamba nimemshinda.

Basi mbingu ikajaa kozi. Mmoja akasimama hewani mbele yangu, karibu ningemgusa. Rangi ya bati la zamani, ndani ya bawa nyeupe kabisa, miguu kama pilipili iliyoiva. Niamini, mimi ambaye nilikuwa sioni vifungo vya shati langu, niliona kila unyoya. Akanitazama, kisha akapanda juu. Na jicho langu la kulia likapanda naye. Nikaona kofia yangu kutoka juu. Nikaona mzee ameachama mdomo, anakuwa mdogo, anakuwa kama mbegu, kisha haonekani.

Mwalimu alirudi akanikuta. Akaniuliza, polepole sana, "Mzee, mbona unasalimiana na jiwe?" Mtu hakuwepo. Lakini jiwe lilikuwa limelowa, na mvua ilikuwa haijaanza. Hata yeye aliligusa.

Tangu hapo jicho hilo halioni kilicho mbele yangu. Daktari anasema halijaharibika zaidi ya lile lingine, hajui shida ni nini. Mimi najua. Sijawahi kuvuka Mtito Andei, lakini nimeona maji yasiyo na ng'ambo, siku baada ya siku. Nimeona nchi baridi, na miti nisiyoijua majina. Mwaka jana Novemba walipopita, nilikuwa juu ya Nuu nikingoja. Kwa jicho lile la angani nikamwona yule mzee tena, pale chini, na kofia yake. Nikapunga mkono. Akapunga.

Mwaka huu, mwezi wa Oktoba, jicho lilisimama. Linaona nyuzi, za wavu. Linaona kozi wengine wananing'inia, na mkono wa mtu unawatoa mmoja mmoja. Bado haujafika kwangu. Silali. Jicho la kushoto nalo linazimika, kwa hivyo karibu nitabaki na wavu huo peke yake.

Kwa hivyo nakuambia. Ukipanda Nuu ukakuta mtu aliyelowa mahali pakavu, usimjibu, usimpe mkono, na usijaribu kupunguza bei yake. Shuka uende nyumbani na kiu yako.

Na kama kuna mtu wako huko mbali, kwenye milima ya baridi wanakotega nyavu, mtumie neno. Aangalie vizuri wale walionaswa. Kuna mmoja, miguu myekundu, anamtazama mtu kama mtu. Amwachilie. Ni mimi huyo.