Binti yangu asiyesikia na kesi ya kukopia mtihani darasa zima

Wakuu, salamu toka Kasongo, Maniema. Hili limetokea nyumbani kwangu, sijatia chumvi hata kidogo.

Mimi nauza samaki wa kukaushwa sokoni. Binti yangu Zaina hasikii tangu kuzaliwa. Amekulia kwenye meza yangu, kwa hiyo bei, samaki, wateja wasumbufu, vyote tunavisema kwa mikono. Nyangwe, wanakotoka samaki, ni ishara ya kupiga kasia. Soko zima linamwelewa, na kwa kubishana bei ananishinda.

Shida ikawa shule.

Waliwahi kuja wageni na plan nzuri ya watoto wenye ulemavu: mwalimu maalumu, vitabu, darasa lao. Tukapiga makofi. Huyo mwalimu hajafika mpaka leo. Na huko Wamaza anakoishi dada yangu, hata hao wageni hawakufika.

Mke wangu akachoka kungoja, akamfuata mkuu wa shule ya jirani. Huyo mkuu akakubali kumjaribu Zaina muhula mmoja tu. "Akishindwa, mama, utamurudisha ku nyumba."

Muhula mzima presha juu. Wiki ya mitihani nikaitwa. Wakuu, nikajua ndiyo basi tena.

Namkuta mkuu wa shule amevimba. "Papa Zaina, mutoto yako amefundisha darasa yote kukopia! Wanapeana majibu na mikono. Mwalimu anaona kimya, anafikiri ni heshima!"

Nilijikaza nisicheke, ikashindikana. Hesabu za vidole walizokuwa wanapeana ni zile zile za meza yangu!

"Sasa munamufukuza?" nikauliza.

"Nimufukuze ya nini, na darasa yote inajua tayari? Kesho uje utufundishe hizo ishara, sisi walimu, tupate kuwakamata."

Zaina akapewa sifuri, na wenzake wote sifuri. Mke wangu alilia kwa furaha: mwanawe kapata sifuri kama watoto wa watu!

Siku hizi nikifunga meza napita shuleni kufundisha walimu. Mkuu wa shule ana vidole vigumu hatari, Zaina anamcheka waziwazi.

Nilichojifunza: anayetaka kupanga msaada wa watoto hawa, aulize kwanza mtoto anaongeaje na watu wa kwao. Mwalimu maalumu akija tutamkaribisha kwa moyo wote, ila atakuta tumeshaanza.

Wenye watoto kama wangu, kwenu mlianzaje? Na mnaotaka kunisema kwa kuchekelea kukopia, njooni tu, mke wangu naye anasoma hapa.