Pointi za Kasino Zilivyonifikisha Busunzu

Kasino moja ya Mwanza ilinitumia ujumbe kwenye simu: pointi zangu zingefutwa mwisho wa mwezi. Kadi ile ya mteja mwaminifu niliijaza kwa miaka miwili, tangu nilipomzika mume wangu Lazaro, kwa kukaa jioni baada ya jioni mbele ya mashine za sloti. Sikwenda kule kwa tamaa ya utajiri. Kulikuwa na taa, watu na chai ya bure, na nyumbani kwangu kati ya hivyo vitatu nilikuwa na taa tu.

Dada wa kaunta alinisomea nilichoweza kupata: birika la umeme, au tiketi ya basi ya kwenda na kurudi pamoja na malazi kwenye nyumba za wageni walizokubaliana nazo. Nikamuuliza magharibi wanafika wapi.

"Kasulu na Kibondo, mama. Ila huko hakuna anayekwenda kutembea."

"Niandikie hukohuko," nikasema.

Lazaro alizaliwa Busunzu, katika barabara ya kutoka Kibondo kwenda Kasulu, na huko ndiko alikozikwa. Baada ya mazishi nilitakiwa kurudi kuondoa matanga. Sikurudi. Nauli niliichezea, nikadanganya kuwa naumwa, kisha nikabadilisha laini ya simu ili wasinipate. Mama mkwe wangu bado yuko hai. Nilitaka kujua kama angenipokea au angenifungia mlango. Ndiyo maana sikuchukua birika.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Mwanza. Nilikuwa na mayai sita ya kuchemsha, viazi vitamu na chupa ya chai, maana nilikuwa nimeapa kutotoa hata shilingi njiani isipokuwa kwa choo. Mchana tuliipita Nyakanazi, vilima vikaanza, na baada ya Kakonko hewa ikapoa hata nikajifunika khanga. Kibondo wauza asali walikuja madirishani na chupa zao. Nilitazama mbele kama sioni, ubahili nao una aibu yake.

Saa tisa na nusu kondakta akaita, "Busunzu! Wa kushuka Busunzu!" Niliiona njia ya kwenda kwa kina Lazaro, nyekundu, imepinda kwenye migomba. Sikuinuka. Tiketi yangu iliandikwa Kasulu, na mtu hawezi kuacha kilomita alizokwisha kupewa bure. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba miguu ilikataa.

Kasulu, jioni, mhudumu wa nyumba ya wageni aliniletea sahani mbili za ugali wa muhogo na migebuka, akaweka moja mbele yangu na nyingine ng'ambo ya meza.

"Nipo peke yangu, baba," nikamwambia.

"Kuponi yako ya kasino ni ya watu wawili, mama. Jikoni wameshapika."

"Basi hii moja irudishe."

"Nikirudisha wataniuliza mgeni kakosa nini." Akavuta kiti cha pili vizuri, akaenda zake.

Nikala nikitazamana na samaki. Jirani zangu wa meza, walimu kwa mazungumzo yao, walikuwa wakicheka habari za kuhamishwa kituo, na mmoja alinitupia jicho kisha akatazama kile kiti. Nilitamani kumwambia kuwa mwenzangu yuko njiani. Kasino hakuna anayekuuliza uko na nani, ndiyo raha yake. Upweke niliouhisi pale mezani ulikuwa mkubwa kuliko ule wa siku ya mazishi, na sikuimaliza hata sahani yangu.

Asubuhi ikaja chai ya wawili. Chapati na mayai ya mtu wa pili nikavifunga kwenye karatasi, nikanunua sukari na sabuni, kiapo changu kikafia dukani, nikapanda gari la kurudi nyuma.

Saa nne nilifika Busunzu. Wifi yangu Skolastika alikuwa anaanua nguo. Aliponiona alipiga yowe: "Mama! Mukazana wako kaja!" Mukazana ni mke wa mtoto wako, na sikuwa nimeitwa hivyo kwa miaka miwili.

Mama mkwe alitoka ndani akinyoosha mgongo. Alikuwa amekonda. Nikapiga magoti, shikamoo, naye akaniinua kwa viwiko vyote viwili.

"Amahoro?"

"Amahoro, mama."

Kwa Waha salamu haifupishwi. Aliuliza habari za mwili, za mvua, za jirani zangu, za ziwa, bila kuniachia viwiko. Swali nililoliogopa hakuliuliza. Alipomaliza alisema tu, "Chukua jembe, twende."

Ilikuwa Oktoba, mvua za kwanza zimeshanyesha, na kila shamba tulilopita lilikuwa limegeuzwa tayari kwa maharage. Tukafika kwenye pori la majani yaliyonizidi kimo.

"Hili ndilo la kaka," Skolastika alisema. "Shamba la marehemu halilimwi mpaka mjane apige jembe la kwanza. Tulikungoja."

"Miaka yote miwili? Mkala nini?"

"Mama analima kibarua kwa watu."

"Si mngelima tu!"

"Tungelimaje," mama mkwe akajibu, "na wewe uko hai?"

Tulifyeka kwanza, kisha nikapiga jembe. Lilidunda. Mama mkwe akacheka, "Nyie wa mjini mnaikuna ardhi kama upele." Akanishika mikono, tukapiga la pili pamoja, likazama. Hapo ndipo aliponiuliza.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Nilikuwa nacheza kamari, mama. Kila jioni. Hata nauli ya matanga niliichezea."

"Unacheza na nani?"

"Na mashine."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akakaa chini palepale kwenye udongo, akaanza kulia. "Mimi nilijua umeolewa," alisema. "Kila nikipita hapa nikiona haya majani nilisema, si kitu, mtoto amepata mtu wa kukaa naye."

Nililala kwake siku mbili, tukalima hadi kwenye migomba. Chumba changu cha Kasulu kilibaki kitupu na vitanda vyake viwili.

Siku ya kurudi alinisindikiza hadi stendi ya Kibondo, ingawa nilimkatalia. Nilichojifunza nakiandika kwa aibu: nilikuwa nimejihurumia miaka miwili kwamba sina mtu, na mtu nilikuwa naye, analima kwa watu ili aningoje mimi. Basi lilipowashwa, mama mkwe alipanda ndani, akapita katikati ya mizigo hadi kiti changu, akamgusa bega mwanamke aliyekaa karibu nami, ambaye hatukumjua.

"Mama, nakuomba," alimwambia. "Huyu ni mkwe wangu. Muongeleshe mpaka Mwanza."